Thamani ya Mbuzi Huanza Kabla ya Kisu

Hotuba ya kikundi cha wanachama saba, iliyosomwa kwenye sherehe ya Uhuru ya jumuiya yetu, Dubai, 9 Desemba



    

Kamati ilipotuomba tuseme neno juu ya biashara ya mbuzi, mmoja wetu aliuliza kama siku ya Uhuru ndiyo siku ya kumpigia mbuzi gitaa. Tulicheka, lakini tukakubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni huyo ndafu aliyesimama pale mezani na majani mdomoni, ambaye watoto wamekuwa wakimzunguka tangu saa kumi wakisubiri akatwe. Ya pili ni kwamba wengi wenu mnajua kuwa miaka michache iliyopita sisi saba tulichanga fedha, tukaleta nyama ya mbuzi kutoka nyumbani, tukapata hasara. Yamesemwa mengi kwenye vikao vya chai. Leo tumeona tuyaseme wenyewe mbele ya wote, pamoja na yale tuliyojifunza, maana wapo kati yenu wanaofikiria kufuata njia hiyo hiyo.

Tuanze na soko. Mama zetu mnaokwenda kununua nyama Deira mnalijua kuliko sisi. Pale buchani mbuzi wamening'inizwa, na kila mmoja ana kibandiko cha nchi yake: India, Pakistani, Ethiopia, Kenya, na siku hizi Tanzania. Mji huu umejaa watu ambao kwao mbuzi ni nyama ya heshima. Mhindi na Mpakistani wanamtaka kwa biriani, Myemeni kwa mandi, sisi kwa pilau na supu. Tena mbuzi ana bahati moja: Mwislamu anamla, Mkristo anamla, na Mhindu asiyegusa ng'ombe, kama ni mla nyama, naye anamla. Nchi yenyewe ni ya jangwa na malisho yake ni haba, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyama inatoka nje.

Wala si hapa Ghuba tu. Nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nyama ya mbuzi nje ni Australia, na mteja wake mkubwa ni Marekani. Wanaoila huko Marekani ni nani? Wengi ni wahamiaji kama sisi: watu wa Karibiani, wa Mexico, wa Afrika, wa Bara Hindi. Mtu anahama na kuacha nyumba yake, lakini mdomo wake anaondoka nao. Mbuzi wa Australia wanavuka bahari nzima kuufuata mdomo huo. Sisi kwetu ni kama saa sita tu kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi hapa.

Nyumbani tuna mbuzi zaidi ya milioni 25. Kwa miaka mingi wengi wao waliishia kwenye minada ya karibu, au walivuka mpaka wakiwa hai, na faida ya kuchinja na kuandaa ikabaki kwa wengine. Hali imeanza kubadilika. Mwaka wa fedha 2020/21 Tanzania iliuza nje nyama isiyofika tani 2,000, ya mifugo ya aina zote. Mwaka uliofuata ilipita tani 10,000. Viwanda vya kuchinja kwa ajili ya soko la nje vimejengwa, Longido kule mpakani na Soga upande wa Pwani, na sehemu kubwa ya nyama inayopanda ndege ni ya mbuzi na kondoo.

Hayo ni ya kujivunia siku kama ya leo. Lakini rudini tena kwenye kile kibandiko, mtazame bei. Kwa muda wote tuliofuatilia, mbuzi wa India amekuwa juu na wetu wa Afrika Mashariki amekuwa chini. Tulimuuliza muuza nyama mmoja sababu. Hakusema kwamba nyama yetu ni mbaya. Alisema, "Nyama yenu ni tamu, lakini sijui kesho itakuja ya namna gani. Leo laini, kesho ngumu. Leo nyekundu, kesho nyeusi." Tulidhani anatafuta kisingizio cha kushusha bei. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa anatupa somo la bure, nasi tukalilipia.

Ilikuwa hivi. Tulichanga, kila mtu kadiri alivyoweza. Wapo waliotoa kiinua mgongo, na mmoja alitoa fedha alizokuwa ameweka za kuezeka nyumba ya mama yake. Hatukuwa na leseni ya kusafirisha nyama, kwa hiyo tulikubaliana na msafirishaji mwenye vibali vyote atuingize kwenye mzigo wake. Hilo tulilifanya sawasawa. Kazi yetu ilikuwa kununua mbuzi na kuwafikisha machinjioni. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Tulinunua mkoani Dodoma, wakati wa kiangazi, kwenye minada na kwa wafugaji majumbani. Tulinunua kwa macho. Mtu anamshika mbuzi mgongoni, anabonyeza mbavu, anataja bei. Tuliwapakia kwenye lori wengi kupita kiasi ili kupunguza gharama ya safari, na tukachanganya mabeberu wakubwa na wadogo, wakapigana njia nzima. Lori liliharibika njiani. Mbuzi walikaa juu ya lori siku mbili, bila maji ya kutosha na bila kivuli. Walipofika, nafasi kwenye ndege ilikuwa imeshalipiwa, kwa hiyo tukaomba wachinjwe usiku ule ule. Daktari wa mifugo aliwakagua, hawakuwa na ugonjwa, wakachinjwa kwa halali, wakapoozwa, wakafungwa vizuri kwenye nguo nyeupe, wakapanda ndege.

Mzigo ulipofunguliwa hapa, nyama ilikuwa imekuwa nyeusi, kavu juu na ya kunata ukiigusa. Haikuwa imeoza. Lakini mnunuzi alitutazama usoni, akatoa bei ya chini ya nusu, na hatukuwa na pa kuipeleka kwingine. Nyama iliyopoozwa bila kugandishwa haina subira, inahesabu siku zake tangu saa ya kuchinjwa. Tukapokea alichotoa.

Tulitafuta kujua kilichotokea. Tulikwenda kwa wataalamu, na tuwaeleze watoto hili kwa sababu ni somo la sayansi. Ndani ya msuli wa mbuzi kuna sukari aliyojiwekea kutokana na chakula. Akishachinjwa, sukari ile inageuka kuwa asidi kidogo kidogo. Asidi hiyo ndiyo inayoifanya nyama iwe nyekundu, ilainike na idumu. Mbuzi aliyetembezwa mno, aliyepigana, aliyekaa na njaa na hofu, ameshaitumia sukari yote kabla ya kufika kwenye kisu. Asidi haitoki ya kutosha, nyama inabaki nyeusi, na vijidudu vinaipenda. Hakuna chumba cha baridi kinachoweza kurudisha sukari hiyo. Bibi zetu walilijua jambo hili bila maabara. Walikataza kuchinja mnyama aliyetoka kukimbizwa, na mnyama wa sherehe alifungwa karibu na nyumba tangu jana yake.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo hatukuipenda kuisema. Baadhi ya mbuzi wale tulikuwa tumewachukua kwa ahadi, nusu ya fedha mkononi na nusu nyama ikishauzwa. Mmoja wa waliotuamini alikuwa mzee wa Kigogo aliyetupa mbuzi kumi na wawili. Fedha zile alizihesabia ada na sare za mjukuu aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza mkoa mwingine. Tulipompigia simu kumweleza hasara, tulianza kuzunguka: mara lori, mara ndege, mara soko. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, mbuzi wangu waliondoka kwangu wakiwa wazima. Mimi sikuwanyima maji."

Hatukuwa na jibu. Wale tuliowaita washirika walikuwa wamefanya kazi yao mwaka mzima, nasi tukaiharibu kwa siku mbili, halafu tukataka tugawane nao hasara. Usiku ule tulikaa nyumbani kwa mmoja wetu hadi saa nane. Wawili kati yetu walisema biashara ni biashara, na kila mmoja abebe mzigo wake. Hatuwalaumu, nao leo wako nasi hapa. Mwishowe tuliamua kwamba wafugaji walipwe kwanza, kutoka mishahara yetu. Ilituchukua miezi mitano. Mjukuu wa mzee alichelewa shule muhula mmoja kwa ajili yetu, na deni hilo la muda hatukuweza kulilipa.

Tungeweza kuishia hapo. Wengi walitushauri tuache. Lakini tulishalipa karo, tukaona ni hasara nyingine kuacha darasa. Mara ya pili tulianza na mzigo mdogo, na kitu cha kwanza tulichonunua hakikuwa mbuzi, kilikuwa mizani.

Hebu tuhesabu pamoja, na wanafunzi mtusaidie. Mbuzi ana kilo 25 akiwa hai. Mnunuzi anamkadiria kwa macho, anasema kilo 20. Mfugaji amepoteza kilo 5. Akiuza mbuzi kumi, amepoteza kilo 50, yaani mbuzi wawili wazima wameondoka bila kulipiwa. Na si kwamba mnunuzi anafaidi siku zote, kwani akikosea upande wa pili anaumia yeye. Mbuzi huyo wa kilo 25, ukitoa kichwa, ngozi, miguu na matumbo, anakupa nyama ya kilo 11 au 12 hivi. Usipopima mwanzo, hujui unachouza mwisho. Tulipoweka mizani mbele ya watu na kutangaza bei kwa kilo, jambo moja lilitushangaza: wafugaji walianza kutuletea mbuzi walionona. Zamani mwenye mbuzi mnono na mwenye mbuzi mkonde walipata karibu bei moja, sasa kwa nini mtu ajisumbue? Wapo waliorudi nyumbani kuwalisha mbuzi wao mashudu ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida yanapatikana, wakawaleta baada ya miezi miwili au mitatu.

Tulibadili na safari. Tuliwapakia wachache, wakubwa mbali na wadogo, tukasafiri usiku wakati wa ubaridi. Walipofika walipumzishwa siku nzima, kwenye kivuli, wakiwa na maji muda wote. Wakachinjwa, wakakaa chumba cha baridi hadi nyama ikafika kati ya nyuzi 0 na 4 ndani kabisa ya paja, ndipo wakasafirishwa. Ile siku moja ya mapumziko ilitugharimu fedha ya banda na ya mlinzi. Lakini mzigo ulipofunguliwa hapa nyama ilikuwa nyekundu. Mnunuzi yule yule aliibonyeza kwa kidole, akanyamaza, kisha akauliza, "Mwingine lini?" Faida ilikuwa ndogo, hatutawadanganya. Hata hivyo bei aliyotoa ilikuwa imepanda, na kila mfugaji alilipwa siku ya kupima.

Ndugu zetu, ndiyo maana tunasema thamani ya mbuzi huanza kabla ya kisu. Inaanza kwenye birika la maji, kwenye kivuli, kwenye mizani. Na inaanza kwenye sindano ya chanjo, kwa sababu soko hili lina mlango unaoweza kufungwa kwa siku moja. Wengine hapa mnakumbuka mwaka 2000, Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Saudi Arabia na Yemen. Mifugo hai ya Pembe ya Afrika ilipigwa marufuku. Bandari ya Berbera, iliyokuwa ikipakia kondoo na mbuzi kwa ajili ya Hija, ilikosa soko lake kubwa kwa miaka mingi, na Saudi Arabia haikuufungua mlango tena hadi 2009. Familia ngapi za wafugaji zilitegemea mlango ule? Sisi nasi tuliiona homa hiyo nyumbani mwaka 2007. Iliua zaidi ya watu 100, na mabucha yakakosa wateja.

Upo pia ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo, uliothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Huu haumdhuru binadamu, lakini unaweza kumaliza kundi zima la mbuzi. Chanjo yake ipo. Dunia ilishaitokomeza sotoka ya ng'ombe, ikatangazwa rasmi mwaka 2011, na sasa imejiwekea lengo la kuimaliza hii ya mbuzi ifikapo 2030. Mkisikia ndugu kijijini anasema chanjo ni gharama, mkumbusheni kwamba mbuzi mmoja akifa ni gharama zaidi, na nchi ikifungiwa soko tunaumia wote, hata asiye na mbuzi.

Tuna maombi matatu, kisha tuwaachie mezani.

La kwanza ni kwenu mnaotaka kuwekeza. Msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kutuma dirhamu moja, ombeni kuona leseni ya Bodi ya Nyama, kibali cha kusafirisha, cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, na cheti cha halali. Ulizeni ni machinjio gani, na kama yameidhinishwa na nchi inayopokea. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, kwa hiyo wekeni kiasi ambacho mkikipoteza hamtalala njaa. Na asilipwe mfugaji kwa ahadi. Alipwe kwenye mizani.

La pili ni kwetu sote tunaotuma fedha nyumbani. Tunatuma za misiba, za harusi, za ada, na ni wajibu wetu. Safari nyingine, familia yenye mbuzi itumieni fedha ya jambo linalobaki: chanjo ya kundi, birika la maji, mizani ya pamoja ya kijiji. Mizani moja ikinunuliwa na familia kumi kati yetu, inalinda jasho la kijiji kizima kwenye mnada.

La tatu ni kwa watoto wetu. Mmezaliwa au kukulia hapa, na wengine mnamjua mbuzi akiwa kwenye sahani tu. Likizo mkienda kwa babu na bibi, ombeni kuamka alfajiri muende malishoni. Ulizeni kila mbuzi anaitwaje, maana mfugaji anawajua wote. Biashara hii itawahitaji: daktari wa mifugo, mtaalamu wa nyama, mwanasheria wa mikataba, mtu wa mizigo ya ndege, mtu anayejua Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Hicho cha mwisho mnacho tayari. Msikipoteze Kiswahili, kwa sababu yule mzee wa Dodoma hakutuambia lile neno kwa Kiingereza.

Wazee wetu walipopata Uhuru mwaka 1961, neno lao lilikuwa Uhuru na Kazi. Walijua bendera haimlishi mtu. Leo nyama yetu inafika kwenye soko la Deira ikiwa na jina la nchi kwenye kibandiko. Jina hilo linatuhusu sote, na likiwekwa kwenye nyama nyeusi tunaaibika sote. Tungependa siku moja mama wa Kihindi asimame pale buchani aombe kwa jina mbuzi wa Tanzania, akubali kulipa zaidi, na sehemu ya nyongeza ile imfikie mzee aliyewanywesha maji.

Mzee wetu, kwa taarifa yenu, bado anatuuzia mbuzi. Mjukuu wake yuko kidato cha tatu. Wiki iliyopita tulimwambia kwamba tutazungumza mbele yenu, akatutuma tuwasalimie, na akauliza kama na ninyi mmeshanunua mizani.

Heri ya Uhuru. Sasa wapishi, mkateni ndafu, watoto wamesubiri vya kutosha.